Kurudisha Kabla ya Kutoa

Imekuwa ada katika makanisa yetu, na katika magazeti yanayoandika habari za makanisa hayo, kuupima wema wa Mkristo kwa mkono wake anapotoa: amechangia mabati mangapi, amepeleka magunia mangapi ya unga kwa mayatima, na bahasha yake ilikuwa na kiasi gani Jumapili ya mavuno. Siidharau ada hiyo, kwa maana paa haliezekwi kwa sala peke yake, wala yatima hashibi maneno ya faraja. Walakini ina kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba humruhusu mtu kusifiwa kwa ukarimu wa mali ambayo sehemu yake si yake. Dai langu katika makala haya ni kwamba wema wa Kikristo wa kila siku, ule wa jikoni, wa dukani, wa shambani na wa ofisini, huanza kwa kumrudishia mwenzako kilicho chake, na sadaka huja nyuma ya hapo. Na kwamba sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kusafiri mbali kutafuta ushahidi wa dai hili, maadam kizazi cha babu na bibi zetu kililitenda waziwazi, kwa mbuzi, kwa majembe na kwa fedha taslimu.

Kila mhubiri anampenda Zakayo. Hupendwa kwa ufupi wa kimo chake, kwa mkuyu aliopanda, na kwa karamu aliyomwandalia Bwana nyumbani kwake Yeriko. Na inapofikiwa ahadi yake ya kuwapa maskini nusu ya mali, waumini huitikia kwa furaha, kwa kuwa hapo ndipo kapu la sadaka linapokaribia kupitishwa. Lakini katika sura ile ya kumi na tisa ya Injili ya Luka mtoza ushuru yule hakuishia katika nusu. Aliahidi, fauka ya hayo, kwamba kila aliyemdhulumu atamrudishia mara nne, na ahadi hii ya pili, kwa rai yangu, ndiyo iliyomgharimu zaidi. Torati ilikuwa imemwekea njia nyepesi: mtu aliyekiri mwenyewe dhuluma yake alitakiwa kurudisha kile alichochukua na kuongeza sehemu ya tano juu yake, ilhali malipo ya mara nne yalikuwa ya mwizi wa kondoo, aliyeiba kisha akachinja au akauza. Zakayo, ambaye hakuna hakimu aliyemshitaki wala askari aliyemkamata, alijihukumu kwa sheria ya mwizi. Aidha, nusu ya mali waweza kuigawa kwa maskini kwa jumla, nao wakakushukuru bila ya kukuuliza neno. Bali mara nne haiwezi kulipwa ila kwa mtu mwenye jina, ambaye ni lazima uende mlangoni kwake, ubishe hodi, umtazame usoni, na useme kiasi ulichomnyang'anya kabla ya kufungua mkoba. Hapo ndipo wengi wetu tunapoona ni afadhali tukachangie mabati.

Bwana mwenyewe, katika mahubiri ya mlimani, aliagiza kwamba mtu aliyekwisha fika madhabahuni na sadaka yake, akakumbuka pale pale kuwa nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana. Tazama mpango wa agizo hilo: sadaka haikataliwi, wala haiitwi batili, husimamishwa tu, ingoje zamu yake.

Sasa niende Gahini. Juu ya kilima hicho, kando ya Ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, palikuwa na hospitali ya misheni ya Kianglikana ambayo mwaka 1928 ilimpata daktari kijana kutoka Uingereza, Joe Church, wakati nchi ikiingia katika njaa kuu. Mwezi wa Septemba 1929, akiwa amechoka mwili na amepungukiwa na nguvu za roho, daktari huyo alikwenda Kampala kupumzika, na juu ya kilima cha Namirembe akakutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa akifanya kazi katika idara ya afya ya serikali. Waliketi pamoja, wakasoma Biblia na kusali sawa kwa sawa, jambo ambalo katika siku zile za ukoloni halikuwa la kawaida baina ya Mwafrika na Mzungu. Na kutoka katika ushirika huo, pamoja na sababu nyingine ambazo wanahistoria wamezichambua, ukakua ule uamsho ambao watu wake huitwa walokole, uliowaka Gahini, ukapita Kabale katika mkutano wa mwaka 1935, ukaingia Kenya mwaka 1937 kwa mlango wa Kabete, ukashuka Buhaya na kuingia katika kanisa la Kilutheri, hata leo hakuna dayosisi ya Kianglikana katika nchi hizi isiyokuwa na mzee aliyelelewa na ndugu hao.

Watu wengi huukumbuka uamsho ule kwa wimbo wake wa Kiganda unaoimbwa kwa kurudiwarudiwa, Tukutendereza, na kwa machozi ya mikutano yake. Mimi naukumbuka zaidi kwa yale yaliyotokea baada ya machozi kukauka. Yosiya Kinuka, aliyekuwa mkuu wa wasaidizi wa hospitali ya Gahini, alifika kwa Nsibambi mwanzo wa miaka ya 1930 akiwa amejaa manung'uniko juu ya hospitali yake na watu wake, na Nsibambi, badala ya kumliwaza, akamshauri aitafute kwanza kasoro ya hospitali ile ndani ya nafsi yake mwenyewe. Ushauri mchungu kama huo ungeweza kumfanya mtu aondoke kwa hasira asirudi tena. Kinuka alirudi Gahini, akatubu, akaanza kazi upya kwa wagonjwa wale wale na katika wodi zile zile. Na kuanzia hapo imani ilionekana katika utandikaji wa vitanda na ugawaji wa chakula cha wagonjwa kabla haijaonekana katika mimbari.

Kisha yakaja marejesho. Kumbukumbu za wamisionari na simulizi za ndugu wenyewe zinakubaliana kwamba watu walitoka mikutanoni wakaenda nyumbani, wakapekua masanduku yao na mazizi yao, wakatenga kilichokuwa cha wengine. Yalirudi mablanketi, yakarudi majembe na mashoka yaliyochukuliwa katika mashamba ya waajiri, ikarudi mifugo iliyovushwa mpakani usiku, zikarudi fedha zilizopunguzwa katika hesabu, na wengine wakaenda kwa wakubwa wa serikali kulipa kodi ambayo karani alikuwa amekwisha isahau. Methali yetu isemayo kwamba dawa ya deni ni kulipa ilikuwa kwao amri ya dini. Walikuwa na msemo, unaosikika hata sasa katika vikao vyao, wa kuliweka jambo nuruni. Na kuliweka jambo nuruni hakukuwa kusema tu kwamba mimi ni mwenye dhambi, jambo ambalo kila mtu anaweza kulisema bila ya kupoteza senti, bali kulitaja lile jembe, na shamba lilikotoka, na siku ya kulirudisha.

Wala si mali peke yake iliyorudishwa. Kulikuwa na heshima iliyoporwa, nayo pia ilitakiwa irudi kwa wenyewe. Wamisionari, ambao wengine wao walikuwa wamezoea kuwasemesha wazee wa Kiafrika kana kwamba ni watoto, walisimama wakakiri kiburi cha rangi yao, na wakaanza kula na kulala katika nyumba za ndugu zao. Waume waliokuwa wakila peke yao, wakipelekewa chakula na wake wasiothubutu kuketi nao, waliwaita wake zao wakaketi pamoja nao, na walioinua mkono kuwapiga waliwaomba radhi mbele ya watoto waliokuwa wameona. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi ambaye baadaye alifundisha Dodoma na mwishowe akawa askofu, alisimulia mara nyingi jinsi alivyopanda baiskeli mwendo wa maili nyingi kwenda kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akimchukia, kumwambia kwamba alimchukia na kumtaka msamaha. Ningependa msomaji aifikirie safari hiyo katika nchi ya milima kama Kigezi, mtu akishuka na kusukuma baiskeli kwenye kila mlima, akiwa na nafasi ya kutosha ya kughairi, na hoja nzuri kabisa mkononi kwamba aliyedhulumiwa katika ukoloni si Mzungu. Hoja hiyo ilikuwa kweli. Hata hivyo chuki ilikuwa ya Kivengere, naye alikwenda kuilipa. Mtu huyu ndiye ambaye mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum, ndugu yake katika uamsho, kuuawa mwezi wa Februari, alivuka mpaka kwa miguu usiku pamoja na mkewe kuingia Rwanda, kisha akaandika kitabu kilichotangaza tangu katika jina lake upendo kwa Idi Amin. Walioshangaa jinsi alivyoweza kuandika hivyo hawakuwa na habari ya baiskeli.

Kadhalika Josiah Kibira wa Bukoba, mwana wa uamsho ule ule, ambaye mwaka 1977 alichaguliwa Dar es Salaam kuwa Mwafrika wa kwanza kuliongoza Shirikisho la Kilutheri Duniani, na wale ndugu wa Uagikuyu ambao katika miaka ya hali ya hatari nchini Kenya walikataa kiapo cha wapiganaji wa msituni na wakakataa vilevile kupokea bunduki ya serikali, wakauawa kwa ukaidi huo, walitoka katika madarasa haya madogo ya kurudisha na kuomba radhi.

Lakini nitakuwa mwenye hiyana kwa msomaji nikiandika kana kwamba ndugu wale walikuwa malaika. Walikuwa na ghururi yao. Walipenda kuhesabu nani ameokoka na nani bado, wakamwona padri aliyehudumu kwa uaminifu miaka thelathini kuwa mtu wa nje kwa sababu hakuweza kutaja siku ya kuokoka kwake. Waligawanyika wao kwa wao juu ya mavazi na mwenendo. Na katika ungamo la hadharani mara nyingi dhambi ya mtu wa pili ilitajwa ndani ya toba ya mtu wa kwanza, akaaibishwa asiyekuwapo. Hayo ni makosa ya kawaida ya watu wenye bidii, na sitakaa juu yake.

Kosa lililo zito zaidi ni jingine, na nalitaja kwa huzuni. Nchi ile iliyouona uamsho ukiwaka ndiyo iliyouona mwaka 1994 uovu ukiteketeza watu ndani ya majengo ya ibada, Ntarama na Nyamata na kwingineko. Nasema uovu, si uamsho, ingawa wapo waliohoji kwa haki kama uamsho wenyewe haukuwa na sehemu katika kunyamaza. Rwanda ilikuwa nchi ya watu waliobatizwa. Kanisa Katoliki lilikuwa kubwa kupita yote, na Waanglikana, warithi wa Gahini, walikuwa humo. Naona, na hii ni rai yangu wala sio fatwa ya mwanachuoni, kwamba orodha ya madeni iliyosomwa katika vikao vile vya toba, pamoja na uzuri wake wote, ilikuwa fupi mno: ilikuwa na jembe na mbuzi na neno kali alilotukanwa mke, ila haikuwa na lile deni kubwa la dharau na hofu baina ya Mhutu na Mtutsi, ambalo wakoloni walilikuza kwa vitambulisho vya kabila na wanasiasa wakalirithi. Palipokuwa na ndugu walioliweka jambo hilo nuruni, walikaa imara, lakini hawakutosha.

Nao waliokaa imara tunawajua. Padri Yona Kanamuzeyi, mlokole wa Nyamata, alipewa dhamana ya kuchunga watu waliofukuzwa makwao baada ya machafuko yaliyoanza mwaka 1959. Aliwatafutia chakula, akawafungulia shule na mahali pa kusalia, akaonwa kwa hiyo kuwa rafiki wa maadui, na mwezi wa Januari 1964 akachukuliwa usiku na askari, akauawa. Félicité Niyitegeka, mlei Mkatoliki aliyekuwa akisimamia nyumba moja ya kanisa katika mji wa Gisenyi, aliwaficha watu mwezi wa Aprili 1994 na kuwasaidia kuvuka mpaka kwenda Goma. Kaka yake, ofisa wa jeshi, alimpelekea habari aondoke aokoe maisha yake, naye akakataa kuwaacha aliowapokea, akauawa pamoja nao, na leo taifa lake linamhesabu miongoni mwa mashujaa wake. Ukiyatazama maisha ya wawili hawa huoni miujiza kabla ya siku ya mwisho. Unaona daftari la majina, sufuria, mikeka, funguo za vyumba, mgeni aliyefunguliwa mlango. Siku ya kifo haikuwadai kazi mpya. Iliwadai tu wasiiache ile waliyokuwa nayo.

Na sisi je, ndugu msomaji, tunaoishi katika miji ya amani, orodha yetu ingesomekaje? Naanza na mfanyakazi wa nyumbani, kwa kuwa hakuna Mkristo wa tabaka langu anayeweza kudai kwamba jambo hili liko mbali naye. Binti huletwa kutoka kijijini kwa ahadi ya kulelewa kama mtoto wa nyumbani, akaitwa dada, akaamshwa wa kwanza na kulala wa mwisho, akasali pamoja na familia kila jioni. Na ujira wake huwekwa na mama mwenye nyumba kwa kisingizio cha kumtunzia, mwezi baada ya mwezi, hata siku anayotaka kwenda kwao akaonyeshwa hesabu ya sahani alizovunja. Torati ilikataza ujira wa kibarua kulala kwa mwajiri hata usiku mmoja, na waraka wa Yakobo ukasema kwamba ujira uliozuiliwa hupiga kelele zikafika masikioni mwa Bwana. Jirani zetu Waislamu nao wamefundishwa kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, hivyo katika jambo hili hatuna hata udhuru wa kusema kwamba ni dini yetu tu inayotutwisha mzigo. Shirika la Kazi Duniani lilipopitisha mwaka 2011 mkataba wake namba 189 juu ya kazi za nyumbani, likataka saa za kazi zijulikane, mapumziko yawepo na malipo yatolewe kwa wakati, lilikuwa likisema kwa lugha ya sheria jambo ambalo mama wa Kikristo alikuwa akilisikia likisomwa kanisani tangu utoto wake.

Sina nafasi ya kusema kwa urefu juu ya mizani ya dukani, wala juu ya fundi anayechukua malipo ya awali kisha akazima simu, wala juu ya mwalimu anayefundisha nusu darasani na nusu iliyobaki akaiuza jioni kwa ada. Ila wajane nitawataja. Mume akifa, nduguze hufika na sanda, nao ni wema. Hukesha, huchimba kaburi, hubeba maji, huhakikisha kwamba wafiwa hawalali na njaa, na katika hayo yote mila yetu na imani yetu hushikana mikono kwa namna ya kupendeza sana. Kisha arobaini ikipita, wale wale huja kuuliza habari ya shamba na hati ya nyumba. Kama kuna mahali ambapo wema wa kutoa umetumiwa kufunika dhuluma ya kuchukua, ni hapo.

Maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1976 na kuziweka jumuiya ndogo ndogo za Kikristo mbele ya kazi zao za kichungaji, walitengeneza chombo ambacho walokole wangekipenda: nyumba kumi au kumi na tano za mtaa mmoja, watu wanaojuana hata sauti za kukohoa, wakikutana kwa zamu katika kila nyumba kusoma Neno na kuulizana nani mgonjwa na nani amefiwa. Chombo hicho kinafanya kazi njema. Nimeona mgonjwa wa muda mrefu akifuliwa nguo na akipikiwa uji na watu wasiokuwa na nasaba naye, na sijui ni serikali gani ingeweza kumfanyia hivyo. Pendekezo langu ni kwamba katika maswali yale ya kila juma liongezwe moja: je, yupo miongoni mwetu anayedaiwa na asiyeweza kumdai? Lisijibiwe kwa sauti, kwa kuwa tumeona madhara ya ungamo la hadharani. Kila mtu ajibu moyoni, na mwenyekiti asimfuate. Bali likiulizwa kila juma, katika nyumba ambayo yule dada anapita nyuma ya pazia akileta chai, litapata mahali pa kuketi.

Nitaambiwa kwamba nikifundisha hivi kapu la sadaka litapungua. Huenda, kwa mwaka mmoja au miwili. Nitaambiwa pia, na pingamizi hili ni la haki zaidi, kwamba yapo madeni yasiyolipika: kibarua aliyeondoka bila kuacha anwani, mpangaji aliyefukuzwa katika mvua akahamia mkoa mwingine, mzee aliyekufa akidai. Walioandika kitabu cha Hesabu walilifikiria jambo hilo zamani za kale, wakaagiza katika sura ya tano kwamba aliyedhulumiwa asipokuwapo, malipo yaende kwa jamaa yake wa karibu, na jamaa naye akikosekana, ndipo yaende kwa Bwana kwa mkono wa kuhani. Kanisa, katika mpango huo, ni mpokeaji wa tatu. Kabla ya Kanisa kuna aliyedhulumiwa mwenyewe, wa kutafutwa, na baada ya huyo kuna watoto wake, ambao kwa kawaida hawako mbali: mmoja yuko kijijini kwao, mwingine yupo mjini akifanya kazi za vibarua, na nambari zao za simu zimo kwa balozi, kwa katekista, au kwa yule shangazi anayefika katika kila msiba.